Orodha Iliyojituma

Simu zote za ghala la asali zililia kwa mpigo mmoja, na Zuena akatabasamu. Jana jioni, maharage yakiwa jikoni, aliiunganisha orodha ya kazi iliyomo simuni mwake na kundi la gumzo la ofisi. Kuanzia leo kazi ikifika saa yake ingejituma yenyewe kwa watu wote: chuja, jaza, pakia ndoo za kwenda Kaliua. Alikuwa amechoka kuwaswaga watu wazima kama kuku.

Akausoma ujumbe. Tabasamu likakauka.

“Mpelekee Koleta dawa. Mtaa wa Isevya, kwa Bi Tatu, mlango wa bluu, nyuma ya mashine ya kusaga.”

Hiyo ilikuwa orodha ya nyumbani. Programu ilipomuuliza aunganishe orodha ipi, alibonyeza zote, kwa haraka ya mtu anayesikia harufu ya maharage kuungua. Aliufuta ujumbe, lakini maji yalikwisha kumwagika. Mlangoni alisimama Masolwa, dereva wa ghala, mume wa Koleta, simu mkononi. Wiki nzima alikuwa akimsaka mke ambaye yeye mwenyewe alimvunja mkono, na wiki nzima Zuena alikuwa akimwambia hajui alipo.

“Ahsante, bosi,” alisema taratibu. “Kumbe ulikuwa unanitunzia.”

“Masolwa, kaa tuongee.”

“Tuongee nini tena? Simu yako imeshamaliza.”

Akachukua nondo ya kufungulia mapipa, akawasha pikipiki. Zuena aliwageukia wenzake. Wawili walikuwa wameupigia ujumbe dole gumba kabla hata ya kuusoma.

“Mfuateni!”

“Mambo ya ndani hayo, mama,” alisema Wilbroad, akiendelea kuchuja asali.

Zuena alidandia bodaboda. Njia nzima simu ya Bi Tatu iliita, haikupokelewa.

Mlango wa bluu ulikuwa umepasuka katikati. Bi Tatu, shangazi yake Zuena, aliketi kizingitini, kanga yake imelowa damu kutoka kichwani. Ndani, Masolwa alikuwa amezisokota nywele za Koleta kwenye ngumi, akimbamiza ukutani. Nondo ilipanda, ikatua kwenye mkono uleule uliofungwa gango. Koleta alitoa sauti ambayo Zuena aliwahi kuisikia kwa mbuzi tu.

Hakukumbuka kuuokota mchi wa kinu. Alikumbuka uzito wake, na goti la Masolwa lilivyolia kama muwa mkavu. Kisha akatoka nje akapiga yowe.

Yowe la Tabora haliulizwi sababu. Asiyeliitikia leo, kesho atalia peke yake. Watu walitoka kwenye mashine wakiwa weupe kwa unga, wakatoka na fimbo na matofali, wakamburuta Masolwa hadi uani. Mateke yalimwangukia kama mvua ya mawe juu ya bati. Jino likaruka. Jicho likafumba. Akaita mama yake.

Zuena alikuwa na neno moja kinywani, mwacheni, akalishikilia. Lilikuwa tamu kulishikilia. Mwanamume mmoja aliinua tofali kwa mikono miwili, wala hakuwa na hasira usoni. Alifanya tu kilichokuwa kinafuata. Hapo ndipo Zuena alipoingiwa na baridi. Kwa mara ya pili asubuhi hiyo alikuwa amewasha kitu, nacho sasa kilikuwa kinajiendesha.

Akajitupa katikati. Teke la mtu lilimpata ubavuni.

“Basi! Mwacheni! Basi!”

Walisita, wakahema, wakatazamana kama watu walioamshwa. Masolwa alilala chini, mapovu mekundu yakimtoka puani. Alikuwa hai. Polisi wakapigiwa, na watu wakaanza kujifuta unga.

Ndani, Koleta aliegemea ukuta, mkono umening’inia vibaya. Zuena alipiga magoti mbele yake, akachana ukingo wa kanga yake apate kitambaa cha kumfungia.

“Dada Zuena,” alisema Koleta. “Nani kamwelekeza?”

Mfukoni simu ililia. Ndoo za Kaliua, bila shaka. Zuena hakuigusa.

“Mimi.”

Nzi alitua kwenye damu ya mdomo wa Koleta, naye hakumfukuza. Nje, mashine ya kusaga ilianza kunguruma tena.

Kisha Koleta akausukuma mbele mkono uliovunjika.

“Funga,” alisema. “Polepole.”