Chaja ya Marehemu

Haroub alikuwa fundi wa kompyuta ndogo, zile zinazoenea kiganjani, bodi tupu isiyo na kioo wala vitufe. Katika hoteli moja ya Kiwengwa alizifunga mia na ishirini nyuma ya televisheni za wageni, na zikigoma kuwaka yeye ndiye anayeitwa. Hakuwahi kuiogopa hata moja. Lakini hii iliyokuwa juu ya meza ya mama yake, mtaani Malindi, ilimtia kiwewe. Ilikuwa ya marehemu baba yake.

Mzee Zahran alitengeneza redio miaka arubaini. Miaka miwili nyuma, mbele ya wateja, Haroub alimwambia kwamba redio zake zimepitwa na wakati, na yeye mwenyewe pia. Mzee akaendelea kuchomelea waya. Haroub akahamia Mpendae, asikanyage tena nyumba ile mpaka siku ya maziko. Ukaidi aliurithi, wala si kwa mama. Sasa wiki sita zilikuwa zimepita na usingizi haumji, maana hakujua kama baba yake alikufa akiwa radhi naye, na hakuna mtu duniani wa kumuuliza.

Mama yake, Bi Badriya, alikuwa ndani ya eda, hatoki nje, hivyo alimwita mwanawe kwa simu.

"Baba ako alikinunua kidude hichi mwenyewe," alimwambia alipofika. "Akajifundisha. Siku tatu kabla hajafa alijifungia nacho chumbani, anasema na wewe. Nlisikia jina lako tu."

"Alisema kwa hasira, mama?"

"Sijui, mwanangu. Mlango kaufunga. Washa tumsikie."

Haroub aliiunga bodi na televisheni ya mama yake, akachomeka waya wa umeme uliokuwa pale mezani. Taa nyekundu ikawaka, ikafifia, ikawaka tena. Kioo cha televisheni kikabaki cheusi.

Imeji imeharibika, alijisemea. Imeji ni mfumo mzima wa kompyuta uliokunjwa ndani ya faili moja, na kule hotelini kila ugonjwa dawa yake ilikuwa hiyo: futa, andika imeji mpya, washa. Akachomoa memori kadi ya mzee, iliyobeba mfumo na mafaili yote, akaitia kwenye laptopu. Laptopu ikamuuliza papo hapo: kadi hii haisomeki, ifomatiwe, yaani ifutwe yote? Kidole kilimruka kama kimegusa sufuria la moto. Alijua fika kwamba laptopu huuliza hivyo kwa kila kadi ya aina hii, na siku nyingine huicheka. Leo hakucheka. Alibonyeza hapana, akaangalia mara tatu kama kweli amebonyeza hapana.

Akaanza kuinakili kwanza, asije akaipoteza. Kazi ilikwama kwenye asilimia sitini na moja kwa muda mrefu sana, naye akasoma kila aya aliyoikumbuka. Mwishowe ikamaliza. Nakala aliipata, lakini sauti hakuipata, kwani kidude kile huzifunga rikodi zake chenyewe, kwa ufunguo uliomo ndani ya bodi. Nje ya bodi ile zilikuwa takataka tupu. Lazima iwake.

Aliandika imeji mpya kwenye kadi mpya, akaichomeka. Taa nyekundu ikawaka, ikafifia. Kioo cheusi.

Kadi mpya, imeji mpya, na bado. Basi ubovu hauko kwenye imeji, ni bodi ndiyo imekufa. Na bodi ikifa, ufunguo umekwenda nayo, na alichosema baba hakitasikika mpaka siku ya kiyama.

Bi Badriya alimwona uso ulivyomgeuka. "Baba ako redio ikigoma alikuwa akianzia wapi?" aliuliza, apate tu la kusema.

"Kwenye umeme," Haroub alijibu. Kisha akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani. "Chaja hii ya nani?"

"Ya kisimu changu."

Kisimu cha tochi! Chaja ile isingeweza kuibeba bodi hata dakika moja. Fundi mzima wa mashine mia na ishirini, ameshinda na imeji, umeme hakuutazama.

"Ya baba iko wapi?"

Bi Badriya akajishika mdomo. "Nshaitoa! Nliitia kapuni pamoja na kanzu zake, nkaitoa sadaka. Kachukua Ubwa, muadhini."

Haroub alikuwa keshasimama. Ya kwake ilikuwa Kiwengwa, na kungoja mpaka akanunue nyingine sokoni Darajani asingestahimili.

"Usende kuidai!" mama alipiga kelele. "Sadaka hairudishwi! Unataka kumuadhibu baba ako kaburini?"

"Nnakwenda kuazima, mama. Kuazima si kudai."

Ubwa alikaa ng'ambo ya kichochoro. Alipofungua mlango Haroub alirudi nyuma hatua mbili, maana kanzu iliyosimama mbele yake ilikuwa ya baba yake, na kiraka cha kola kile kile.

"Shikamoo, Ami Ubwa."

"Marahaba. Kuna nini?"

Alimweleza. Ubwa akaichomoa chaja kwenye kiredio chake. "Chukua. Lakini nirejeshee kabla ya taarifa ya habari."

Haroub alirudi, akaichomeka kadi ya mzee, akaiunga chaja. Taa nyekundu ikatulia. Ya kijani ikaanza kupepesa. Mistari ya maandishi ikashuka kiooni, kisha likatokea faili moja lenye jina lake.

"Mama, ikiwa kanilaani?"

"Tutaisikia pamoja."

Kikohozi kilitangulia. Kisha sauti, nzito, ya polepole: "Haroub. Nimekupigia simu mara tatu leo. Hukupokea. Radhi zangu nshakupa siku ile ile uliyoondoka, hujafika hata mwisho wa kichochoro. Njoo basi. Kidude hichi nimekiwasha, kukizima kumenishinda."

Haroub aliinamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti. Simu zile alikuwa ameziona. Alizitazama zikiita.

Lakini rikodi haikwisha. Mzee hakuweza kuizima, ikaendelea: kiti kikilia, kikohozi, adhana kwa mbali, saa baada ya saa, Haroub akiipeleka mbele kidogo kidogo. Mlango wa nje uliposikika, sauti iliuliza, "Haroub huyo?" Na sauti ya Bi Badriya, kutoka ukumbini, ikajibu, "Si yeye. Ni Faiza wa jirani." Mlango tena. "Haroub huyo?" "Siye, baba Haroub. Upepo."

"Zima, mwanangu," Bi Badriya alisema huku akijifuta macho kwa mtandio.

Haroub hakuzima. Ndani ya televisheni mlango ulilia mara nyingine.

"Haroub huyo?"

"Naam, baba," alijibu.