Mtindo wa Maridhiano

Mimi ndiye niliyemnyoa diwani wetu nusu kichwa, na wanaosema nilifanya makusudi hawajakosea. Waliokosea ni wale wanaosema mashine yangu mbovu. Mashine yangu haina kasoro. Nanyoa watu katika soko hili tangu huyo diwani akiwa bado anabeba magunia ya wenzake mgongoni, na hakuna kichwa kilichotoka kibandani kwangu kikaenda kuchekwa. Isipokuwa hicho kimoja, na chenyewe kilijitakia.

Tulimwita Mwanetu. Mama yake aliuza vitunguu hapahapa, na yeye alikulia chini ya meza za soko, kwa hiyo alipogombea hatukuhitaji kuambiwa tumchague nani. Shabiki wake mkubwa kuliko wote alikuwa mdogo wangu wa kike, fundi cherehani. Kibanda chake na changu vimegusana ukuta kwa ukuta. Mashati yote ya kampeni alishona yeye, bure, na kwa moyo mkunjufu. Mtu akimsema Mwanetu vibaya, mdogo wangu aliacha nguo ya mteja ikining'inia kwenye sindano akatoka nje kujibu. Nikawa namtania, "Wewe, uwakili huo umepewa na nani?" Lakini kura yangu na mimi nilimpa, sitawadanganya.

Ahadi yake ilikuwa moja tu: umeme sokoni mchana kutwa. Basi akaja mwekezaji, akajenga ghala la baridi nyuma ya soko, akataka umeme wetu uende kwake. Mwanetu akatoa mishipa ya shingo: hautoki hata waya mmoja! Akaingia kwenye kikao cha halmashauri kama simba. Akatoka na neno jipya mdomoni: maridhiano.

"Ndugu zangu," akatuambia, amesimama juu ya kreti la soda, "wenzetu walitaka wachukue wote. Nimekataa. Tumekutana katikati. Wao watatumia kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, basi. Saa zilizobaki, saa kumi na saba nzima, ni zenu! Wataalamu wamesema transfoma haiwezi kutubeba wote kwa pamoja. Hii ni hatua ya kwanza."

Watu wakapiga makofi, na mdogo wangu akapiga kigelegele. Saa kumi na saba! Ilibidi tufike nyumbani, tuvue viatu, tukae, ndipo tukumbuke kwamba soko linafunguliwa saa moja asubuhi na geti linafungwa saa kumi na mbili jioni. Mtu wetu alikuwa ametupigania umeme wa kulalia.

Wiki zikaanza kutunyoosha. Mimi nilikuwa nanyoa asubuhi na mapema kama muuza uji, halafu nashinda napepea nzi. Lakini aliyeumia kweli ni mdogo wangu. Alikuwa amepata kazi ambayo fundi wa soko huiota tu: sare za wanafunzi wote wa chuo cha uuguzi. Kukata alikata, kushona kwa cherehani ya miguu alishona, lakini zile kingo za ndani lazima zipite kwenye overloki, mashine ya umeme inayofunga kingo zisifumuke, na overloki haiendi kwa miguu wala kwa maombi. Mkuu wa chuo alikuwa amemwambia wazi: Ijumaa adhuhuri sare zote ziwe chuoni, la sivyo kazi inahamia kwenye duka kubwa la barabarani, hii na zote zijazo.

"Nenda kamwambie Mwanetu wako," nikamwambia.

"Mpe muda, dada. Hawezi kufanya yote kwa siku moja."

"Wewe ndiye huna muda!"

"Dada, usinianze." Macho yalikuwa mekundu, na bado alikuwa anamtetea. Nilitamani nimzabe kibao, nikajizuia kwa sababu ni mtu mzima mwenye watoto.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya hiyo Ijumaa, gari la diwani likasimama mbele ya kibanda changu. Akashuka na mpambe wake, mwenye simu mbili na kofia ya chama. Suti mpya, viatu vinaakisi jua.

"Dada, ninyoe haraka haraka. Saa nne waziri anakuja kufungua ghala la baridi. Nataka ning'ae."

Nikaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa tatu. Nikamwangalia yeye. Hakuwa na habari! Mtu aliyetia saini saa zetu za giza hakuzikumbuka hata kidogo, kwa sababu nyumbani kwake hazifiki. Nikamfunga shuka shingoni, nikalikaza vizuri.

Kinyozi mwenye akili huanzia kisogoni, akapunguza kote, ndipo arudi kusawazisha. Mimi siku hiyo nilianzia sikio la kushoto, nikasafisha upande huo mpaka ngozi, taratibu, huku namuuliza habari za watoto. Nikafika katikati ya utosi. Mashine ikafanya tsss, ikakata roho mkononi mwangu. Redio ya jirani ikanyamaza, na ng'ambo ya ukuta overloki ya mdogo wangu nayo ikazima.

"Nini tena?" akauliza Mwanetu.

"Saa tatu, Mheshimiwa."

Nikaona kwenye kioo jinsi hesabu ilivyokuwa inamwingia.

"Basi malizia kwa mkasi."

"Kwa mkasi nitakutoa ngazi ngazi, uende kwa waziri kama shamba lililopitiwa na mbuzi? Subiri tu. Saa kumi si mbali, na nusu nzima tayari unayo. Hatua ya kwanza hiyo."

Mpambe akaniita mjinga. Nikamwambia ajaribu vibanda vingine. Akatoka mbio, akarudi mikono mitupu, kote giza. Nje watu walikuwa wameanza kujaa, na kila mwenye simu alikuwa ameinyanyua. Mwanetu akaanza kutoka jasho. Akampigia simu meneja wa soko, mwenye funguo za swichi kuu.

"Washa," akasema. "Ndiyo, sasa hivi. Washa!"

Haki ya Mungu, sikumaliza hata kupangusa mikono. Kufumba na kufumbua, taa ikawaka, redio ikarudi, fundi wa kuchomelea huko mwisho akapiga mluzi. Na ghala la baridi huko nyuma liliendelea kunguruma vilevile. Hakuna kilicholipuka. Transfoma ilitubeba wote bila hata kukohoa.

Mdogo wangu akatokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni, nyuzi zimemjaa mikononi. Hakumsalimia.

"Transfoma imepona lini?" akamuuliza.

"Dada yangu, hii ni ya dharura tu, dakika chache..."

"Nimekuuliza imepona lini."

Mwanetu akageukia kwangu. "Dada, malizia kwanza, tutaongea."

"Usimalizie," mdogo wangu akaniambia. Huyo ndiye aliyekuwa anagombana na nusu ya soko kwa ajili yake! "Wataalamu waliosema haiwezekani ni nani? Tulikaa jua kali tukakusikiliza. Kulikuwa na mtaalamu hata mmoja?"

"Siasa ina mambo yake. Ningekataa, tungekosa vyote."

"Uliturudia ukatuuliza? Si ulikuja kutuambia tu tupige makofi, tukapiga?"

Mpambe akaingilia, waziri anakaribia kufika. Mwanetu akajaribu kuinuka, akajiona kwenye kioo, akaketi tena. Ikabidi aongee lugha ya watu. Akaapa kwamba leo hiihii, mbele ya waziri, kwenye kipaza sauti, atasema transfoma ni nzima na soko lirudishiwe umeme wa mchana.

"Vizuri," nikasema. "Nenda ukaseme. Ukirudi umesema, namalizia nusu yako."

"Niende hivi?"

"Tukutane katikati, Mheshimiwa."

Nikamfungua shuka. Alinitazama kama anataka kunimeza, kisha akamnyang'anya mpambe kofia, akaisukuma mpaka masikioni, akatoka. Gari halijafika hata kona, umeme ukakatika.

Fundi wa kuchomelea ana redio ya betri. Tukaizunguka wote, mdogo wangu katikati, sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Sherehe ilikuwa inatangazwa moja kwa moja. Wakaja kwenye wimbo wa taifa, na kofia, bila shaka, huvuliwa. Tukasikia kicheko kikianza mbele kikasambaa mpaka nyuma. Mtangazaji akashindwa kujizuia. Halafu waziri mwenyewe, sauti nzito: "Mheshimiwa Diwani, kulikoni huko kichwani?"

Zamu ya kipaza sauti ikawa ya Mwanetu. Waziri amemuuliza, watu wote wamenyamaza wanasubiri. Nafasi gani tena mtu anaomba? Nikamshika mdogo wangu mkono.

"Mheshimiwa Waziri," Mwanetu akasema, anachekacheka, "huu ni mtindo mpya. Unaitwa Maridhiano."

Waziri akacheka sana. Watu wakashangilia. Mdogo wangu akautoa mkono wake kwenye wangu, akarudi kibandani kwake, akaketi mbele ya overloki iliyozima. Nilimfuata nikamkuta analia bila sauti, anakunja sare zisizo na kingo.

Alasiri, kabla umeme haujarudi, vijana wawili wa chama walikuja wakapanga foleni kwenye benchi langu. Walitaka mtindo wa Maridhiano. Nikawauliza kama wana akili timamu. Wakasema kiongozi akitangulia, wao wanafuata.

Saa kumi umeme ukarudi, na Mwanetu naye. Umati ulikuwa mkubwa kuliko asubuhi. Akapita katikati yao akipunga mkono, akaingia, akawaona wale vijana, akajifanya hajawaona. Akaketi, akavua kofia.

"Haya, dada. Malizia."

"Nimalizie nini?"

"Nywele."

"Mtindo wa mtu siharibu mimi. Redio imesema ni mtindo. Vijana wako wanausubiri hapo, waulize."

Umati ukalipuka. Angeweza kwenda kwa kinyozi wa mjini, ndiyo, hakuna aliyemfunga kamba. Lakini kila mtu pale alikuwa anasubiri kuona kama atakimbia, na yeye alijua uchaguzi ni mwakani. Akageuka akamtafuta mdogo wangu kwa macho, akamwona amesimama karibu na mlango.

"Dada yangu, waelezee hawa. Wewe unanijua."

"Nimekusemea vya kutosha," mdogo wangu akamjibu. "Leo jisemee."

Hapo ndipo niliona amepata pigo. Kelele za umati alizizoea, zile alikuwa anazipungia mkono. Hili lilimkaa. Akakuna upande wenye nywele, akasema kitu ambacho hata mimi niliyesimama nyuma yake sikukisikia.

"Haifiki nyuma!" mtu akapiga kelele.

Akasimama, shuka langu likimning'inia shingoni kama kanga ya bibi. "Haukuwa mtindo," akasema. "Nilikatiwa umeme. Na... niliruhusu mimi. Wataalamu hawakuwepo. Mwekezaji alitaka mchana wote uwe wake peke yake, nikaona nikibishana naye nitachelewesha mambo, nikakubali."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mdogo wangu akamnyooshea simu yake mwenyewe. "Mpigie meneja. Weka sauti ya juu."

Akapiga. Akamwambia meneja kesho saa tatu asizime, wala keshokutwa, wala siku yoyote. Meneja akakohoa upande wa pili. "Sawa, Mheshimiwa. Na mwenye ghala akiniuliza, nimwambie nani amesema?"

Niliona jasho likishuka upande ulionyolewa, ambako hapakuwa na nywele za kulizuia.

"Mwambie ni mimi," akasema. "Mtajie jina langu."

Nikawasha mashine. Nikamnyoa vizuri, sina kinyongo na kichwa. Nikasawazisha, nikapangusa shingo, nikampaka dawa. Kisha nikazima mashine na kumfungua shuka. Akapitisha mkono nyuma, akagusa kisogoni, akakuta shungi la nywele dogo kama kifuniko cha chupa.

"Na hiki?"

"Hicho njoo kesho, saa tano asubuhi. Umeme ukiwepo, nakitoa."

Akaichukua kofia yake, akaivaa, akatoka.

Ijumaa nilipofika kufungua kibanda nilimkuta ameketi kwenye benchi langu, bila mpambe, bila suti, kofia kichwani. Ng'ambo ya ukuta overloki ilikuwa imeshaanza kazi. Kila mwenye kibanda alikuwa anatazama saa, na yeye anatazama yake, mguu unamchezacheza. Saa tatu ikafika. Ikapita. Overloki haikunyamaza, na mdogo wangu hakuinua hata kichwa. Alikuwa na sare za kumaliza kabla ya adhuhuri.

Mwanetu akashusha pumzi ndefu, akavua kofia, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti.

"Umeona mwenyewe, dada, umeme upo. Haya, nitolee hiki."

"Nimesema saa tano," nikamwambia. "Toka kwenye kiti, nina wateja."