Mchoro wa Siku Tano

Mama alikiita kile kifaa mkwe wake. Kaka yangu hakuwahi kuoa, na siku alipokileta nyumbani ndani ya kopo la biskuti, nyaya zikining'inia, Mama alikitazama juu chini akasema, "Haya, karibu. Mkwe asiyekula na asiyenijibu ufidhuli nimempata."

Kaka alikuwa fundi wa mashine kiwandani, ingawa Mama alimwita Profesa. Kifaa alikitengeneza kwa ajili ya masikio ya Mama. Mama alifanya kazi ya kupiga chapa ofisini miaka thelathini, na alipostaafu usikivu wake ukaanza kupungua kutoka juu kwenda chini: kwanza ndege, kisha filimbi ya birika, kisha zile sauti nyembamba katikati ya maneno, kama s, sh na f. Kifaa kilizichukua sauti hizo kikazishusha hadi pale masikio yake yalipokuwa bado yanafika. Alivaa hedifoni, kopo likakaa mezani.

Moyo wa kifaa ulikuwa chipu ya aina inayouzwa ikiwa tupu. Unaichorea saketi kwenye kompyuta, unaipakia, nayo inakuwa kile ulichochora. Umeme ukikatika inasahau kila kitu, ila kama mchoro umeuandika katika kumbukumbu ndogo iliyo pembeni yake. Hapo ikiwashwa inausoma na kuanza upya. Mimi natengeneza simu, chuo sikukiona. Haya nilijifunza kwa kumchungulia Kaka begani na kusoma mradi wake, ambao aliuweka wazi mtandaoni ili yeyote achukue, ajenge, arekebishe.

"Siri sina," alikuwa akisema. "Kila kitu kipo hadharani. Nikifa leo hamtahangaika kuniuliza."

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja hata mara moja. Mchoro mpya aliupakia kwenye chipu tu, akauacha ufanye kazi siku saba. Ukipita salama, ndipo aliuandika kwenye kumbukumbu, na siku hiyohiyo akauweka mtandaoni. "Wa chini ya siku saba ni mbichi," alisema. "Simlishi mtu kitu kibichi."

Toleo la mwisho waliliunda wawili, yeye na Mama, Jumapili baada ya Jumapili. Kaka anasoma orodha ya maneno, sahani, fisi, shoka, mshipi. Mama anarudia alichosikia. Kaka anasogeza namba. Mwisho Mama akainua mkono. "Hebu nyamaza. Kuna ndege dirishani." Alilia kidogo, kisha akasema ndege mwenyewe hajui kuimba.

Siku ya tano ya toleo hilo, Kaka alianguka kazini. Hakufika hospitali.

Baada ya msiba nilichukua kompyuta yake niitumie dukani. Niliufungua mradi mtandaoni, nikaona mafaili yamejaa, nikaridhika. Nikaifuta kompyuta yote nikaweka programu zangu. Mimi, ambaye kila mteja akinipa simu namuuliza kwanza kama amehifadhi nakala. Sikutazama tarehe.

Wiki tatu baadaye aliniandikia mtu wa nchi nyingine anayejiita Sisimizi, aliyeshirikiana na Kaka kwenye mradi.

"Dada, pole tena. Lile toleo aliloniambia mama anasikia hadi ndege, liko wapi? Lililopo hapa ni la miezi miwili nyuma."

Nilitazama tarehe. Alikuwa anasema kweli.

Nilimweleza kuwa kompyuta nimeifuta, akaandika: "Basi limebaki ndani ya chipu peke yake. Na chipu ile ikishapewa kitu haikirudishi. Betri ikoje?"

"Nzima. Inachajiwa muda wote."

"Usizime. Tutalipima kwa nje. Unaingiza mlio mmoja, unarekodi kinachotoka, unaandika. Milio mia nne na themanini, kuanzia mizito kwenda myembamba. Ukimaliza, tutauchora mchoro upya."

"Hiyo ni kama kujua chakula kilipikwaje kwa kunusa sahani, ndugu yangu."

"Ndiyo. Ila utanusa mara mia nne na themanini."

Kila adhuhuri nilifunga duka kwa saa moja nikaenda kwa Mama. Milio kama minane kwa siku, kila mmoja mara tatu. Nilimwambia mkwe wake anapimwa afya, asimguse. Sababu sikumwambia. Kumwambia kungekuwa kumwambia pia nilichokifanyia kompyuta, na kila nilipotaka kufungua mdomo alikuwa ananisimulia alichosikia siku hiyo: mtoto wa jirani akinong'ona, ufagio uani.

"Unampima au unamchunguza?" alinitania. "Profesa hakuwa na daftari."

"Profesa alikuwa na akili, Mama. Mimi nina daftari."

Siku niliyofika mlio wa mia tatu na kumi na moja, nilipokuwa nachomoa nyaya zangu nililegeza waya mmoja wa kifaa. Sikuona. Nilirudi dukani.

Kesho yake niliingia nikasalimia, Mama hakugeuka. Alikuwa mezani, hedifoni masikioni, mikono juu ya kopo.

"Mkwe alikorofisha," alisema aliponiona. "Tangu jana anakoroma. Nikausukuma huu waya ukaingia. Halafu nikafanya alivyonifundisha Profesa: kikikushinda, kizime, hesabu hadi kumi, kiwashe. Kukoroma kumekoma. Ila sasa anasema kama yuko ndani ya pipa. Kama zamani."

Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka kama kawaida. Chipu ilikuwa imesoma kumbukumbu yake, ikarudi kwenye mchoro wa zamani.

Nilianza kumwambia. "Niliifuta kompyuta yake," nikasema. "Sikutazama tarehe. Nisamehe." Alikuwa anaangalia mdomo wangu kwa bidii, uso umekunjamana.

"Sema tena, mwanangu. Unanipa vipande."

Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Akatikisa kichwa, akanisogezea karatasi na kalamu.

Niliandika nusu ukurasa. Aliusoma kama alivyosoma barua za ofisini miaka yote, kidole chini ya kila mstari, mara mbili. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya kopo.

"Kwa hiyo tumemzima wawili," alisema.

"Wewe hukujua, Mama."

Hakusikia, au alijifanya hakusikia. "Kwenye daftari umefika wapi?"

Nilimwonyesha.

"Iliyobaki niulize mimi. Masikio yaliyosikia si haya?"

Wiki hiyo niliweka vipimo mtandaoni, mia tatu na kumi na moja, na sentensi moja inayosema havijakamilika na ni kwa kosa la nani. Sisimizi alichora alichoweza. Ile milio ya juu kabisa, ya ndege, haikuwemo.

Tangu hapo kila Jumapili tunakaa, mimi kwenye kiti cha Kaka. Nasoma orodha, nasogeza namba, Mama anasikiliza, anatikisa kichwa. "Bado. Huyu si yeye." Mwezi wa pili ulipita hivyo, na wa tatu. Mwezi wa nne alianza kusita kabla ya kujibu. Siku moja alivua hedifoni akasema, "Sijui tena kama yule ndege alikuwa hivyo, au namwota."

Jumapili iliyopita tulikaa muda mrefu kuliko kawaida. Sahani, fisi, shoka, mshipi. Nilikuwa nimechoka, na nadhani ilionekana. Niliacha kusoma nikaitazama skrini, nikifikiria namba ya kujaribu. Mama akanishika mkono.

"Hapo sasa," alisema. "Hapo amekaribia kabisa. Iandike hiyo."

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Sikuwa nimebadilisha namba hata moja.

Nikachukua kalamu, nikaiandika.