Doa la Mzee Abdulswamad
Tarsis, fundi wa kuosha kuta kwa mashine ya presha, akiona doa ni kama ametukaniwa mama yake. Asubuhi hiyo, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, Bi Sitara aliitikia shikamoo yake haraka haraka, akamwonyesha ukuta wa mbele, juu ya baraza. Mumewe, Mzee Abdulswamad, alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali jioni hiyo.

"Nimekuitia hili," Bi Sitara alifoka, akigonga doa jeusi kubwa kama sahani. "Miaka arobaini anaegemeza hapa kichwa chake chenye mafuta ya nazi. Nimesema mpaka mate yamenikauka!"

Tarsis akaanzia juu, maana uchafu hushuka. Ukungu na masizi vikateremka kama uji wa ulezi, saruji ikatakata. Alipolielekezea doa maji, Bi Sitara akarukia barazani na kulikinga kwa mgongo wake, kanga ikamlowa chapachapa.

"Hapo acha!"

Tarsis akazima mashine kwa hasira. "Mama, si ndilo uliloniitia?"

"Ndilo." Sauti ikampungua. "Lakini ukilitoa, akirudi nitamgombeza kwa lipi?"