Mageni Alijibu Salamu Tu

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, 2024, asubuhi, ndiyo siku nyumba yangu ilipobomoka. Mke wangu Mageni aliamka kashika tumbo. Nikampakia bodaboda, nikakaa nyuma yake kumshikilia, tukateremka hadi zahanati iliyo jirani na machimbo.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Mageni hata hapo hakufika. Kiswahili alikisikia redioni, kinywani hakikumkaa. Sista wa zamu aliitwa Mwasiti, binti wa Tanga, mwenye adabu zake. Wakubwa walimleta kwetu bila kumwambia anakwenda kwa watu gani. Kisukuma cha salamu alijiokotea mwenyewe gulioni, akakipenda. Akamwinamia Mageni, akamwamkia kwa kumwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu," Mageni akajibu. Yaani salama tu.

Sasa, kwetu hilo si jibu la ugonjwa. Hata mfiwa ukimsalimu atakwambia mhola. Mnakaa, anaulizwa za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, ndipo neno zito linatoka. Kuanza na kilio salamu haijaisha ni kumkosea mtu heshima. Mageni alikuwa anangoja kuulizwa tena. Mwasiti naye alikuwa na benchi zima la wagonjwa wanamngoja.

"Sista, huyu si mzima," nikasema. "Tangu alfajiri anajikunja."

"Baba, si kajibu mwenyewe? Wanaume wa huku mnapenda kuwasemea wake zenu."

Akina mama wakacheka. Mmoja akanitania, "Katoke nje, Baba Ndaki, utajifungua wewe."

Nikatoka. Tukapewa vidonge vya maumivu, tukarudi. Jua halijafika utosini, Mageni akaanguka uani. Gari la wagonjwa, tukaambiwa, halina mafuta. Alikata roho kwenye gari la kukodi, mji wa Geita hatujauona. Damu ilimwagikia ndani, madaktari walisema baadaye. Angewahishwa angepona.

Mwasiti simlaumu sana, msibani alilia kuliko shangazi zangu. Ninaowalaumu ni waliomtuma. Mmoja wao alikuja kutoka wilayani matanga yalipokwisha, akaitisha mkutano.

"Marehemu aliulizwa kwa lugha yake ya mama," akasema, "na kwa lugha hiyo hiyo akasema hajambo. Mlitaka serikali ifanye nini zaidi?"

Nikanyoosha mkono. "Habari za safari, mheshimiwa?"

"Nzuri, mzee wangu."

"Mbona una matope mpaka magotini?"

Watu wakaguna. Yeye akatabasamu kama mtu anayemvumilia mlevi. "Gari lilikwama, mzee. Tuendelee na mambo ya maana."

Akaendelea. Akamsifu Mwasiti kwa kujituma. Akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila muuguzi mgeni atafundishwa salamu za wenyeji kabla hajagusa mgonjwa. Watu wangu mwenyewe, niliokula nao ugali wa msiba, wakampigia makofi.

Nikasimama bila kuruhusiwa. Mwenyekiti wa kijiji, Bujiku, akanivuta shati, "Kaa, Maduhu, utatuharibia." Sikukaa. Mheshimiwa alikuwa anaelekea kwenye gari lake, nikamfuata na swali moja, nalo nimelirudia kila mkutano tangu hapo: salamu watafundishwa, sawa, lakini nani atawafundisha kuuliza mara ya pili?