Toyota ya Daktari Sifuna

Sifuna alipostaafu kazi ya mifugo mwaka wa 2003, watu wa Tongaren walikuwa na jambo moja tu la kumwambia: anunue Toyota. Hakuna aliyemuuliza kama alihitaji gari. Mchungaji alimwambia mlangoni baada ya ibada. Fundi wa baiskeli alimwambia huku ameuma spoki kwa meno. Hata mama mmoja aliyemletea ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba, asijue kwamba amestaafu, alimaliza shida yake kwa kumwombea Mungu amjalie Toyota.

Hakuwa daktari hasa. Kwa miaka thelathini alikuwa amezunguka na pikipiki ya serikali akichanja ng'ombe, wenyeji wakampa udaktari bure, naye akaupokea bila ubishi. Alikuwa mtu wa kupenda heshima. Hilo alilijua, na alikwisha kujisamehe zamani.

Basi akaenda Kitale kutafuta gari. Kila Toyota aliyoonyeshwa, hata moja iliyokuwa imekaa juu ya mawe bila milango, ilitajiwa bei ya kumtoa mtu jasho. "Ni Toyota, mzee," wauzaji walimwambia, kana kwamba hayo yalikuwa maelezo tosha. Siku ya tatu akakutana na mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja aliyekuwa anauza Daihatsu Charmant nyeupe ya mwaka wa 1984. Gari hilo lilikuwa limeendeshwa maisha yake yote kati ya shule na kanisa. Sifuna akalijaribu, akalipenda, akarudi nalo nyumbani.

Nabwile, mkewe, alilizunguka mara moja. Akafungua mlango, akaketi, akaufunga.

"Inafunga," alisema, akarudi jikoni. Kwa Nabwile hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Majirani hawakuridhika hivyo. Kwanza jina lenyewe liliwashinda. Kizito, mzee wa kanisa ambaye ua wake ulipakana na wa Sifuna, alikuja kulitazama gari mikono ikiwa mgongoni, kama mtu aliyeitwa kuona maiti.

"Daktari, hii gali si Toyota."

"Si Toyota, mzee. Ni Daihatsu. Charmant."

"Chalumanti." Kizito alilionja neno hilo, halikumpendeza. "Sasa ikikufia huko Kamukuywa, spea utatoa wapi? Japani?"

"Hata Toyota inatoka Japani."

"Ndiyo, lakini hiyo ni Japani ya Toyota, bana."

Mwaka mzima gari likatembea. Lilikwenda Kitale, likaenda Webuye, likapita tope la mwezi wa nne bila kusukumwa hata mara moja. Hakuna aliyelisifu. Likiwaka asubuhi yenye baridi, watu walisema ni bahati. Mkutano wa kanisa ulipofanyika Bungoma mjini, Sifuna alitangaza kwamba ana nafasi ya watu wanne. Kizito alishukuru sana, akapanda lori la saruji, akasafiri amesimama juu ya mifuko. Alifika mweupe kichwani kama malaika, lakini alifika, akasema, bila wasiwasi.

Jambo hilo lilimuuma Sifuna kuliko alivyotaka kukiri. Angeweza kulivumilia, lakini likaja la Wanjala.

Wanjala, mwanawe wa kwanza, alikuwa mwalimu Kapsokwony, kule juu Mlima Elgon. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi na habari kwamba amepata mchumba, Chepngeno, binti ya Mzee Rotich. Nabwile akapiga kigelegele palepale. Wanjala akasubiri mama yake anyamaze.

"Baba, kuna kitu. Huyu mzee ni mtu wa Toyota."

"Anauza?"

"Hapana. Ni kama wengine walivyo watu wa Katoliki. Aliendesha gari za serikali miaka ishirini na sita, sasa anahubiri Toyota tu. Kuna wazee walikuja kumposea dada yake Chepngeno na gari ya aina nyingine. Walipewa chai kikombe kimoja, wakaambiwa mvua inakuja."

"Na mvua ilikuja?"

"Ilikuwa Januari, baba."

Wiki hiyohiyo Sifuna alikwenda Kitale, na kule mtaa wa Matisi akamtafuta mama aitwaye Nasambu, aliyekuwa akiuza vioo vya pembeni, vifuniko vya magurudumu na alama za magari. Alama hizo alikuwa amezipanga juu ya gunia kama samaki.

"Unataka Toyota ya maandishi ama ya duara?" Nasambu aliuliza kabla hajaambiwa kitu. Alikuwa amelitazama gari, akamtazama mwenyewe, akaelewa.

Ile ya maandishi ilikuwa imechakaa. Ile ya duara, duara tatu zilizopishana, iling'aa vizuri. Sifuna akaichagua. Nia yake ilikuwa kuitia mfukoni, aje aibandike kwenye kona ya mwisho kabla ya boma la Rotich, kisha aibandue wakati wa kurudi. Lakini Nasambu alikuwa mwepesi wa mkono. Kabla Sifuna hajamaliza kutafuta pesa, alishang'oa alama ya zamani, akapaka gundi, akagandamiza.

"Hiyo haitoki," alimwambia kwa fahari. "Hata ukigonga ng'ombe, utaikuta kwa ng'ombe."

Basi Sifuna akarudi Tongaren hivyo hivyo, jasho likimtoka, akitunga maelezo njia nzima.

Hakuulizwa maelezo. Kizito alikuwa langoni kwake, akaliona gari likikata kona, akatupa jembe.

"Daktari amebadilisha gali!"

Lilikuwa gari lilelile, jeupe lilelile, na lile bonde kwenye mlango wa nyuma ambako dume la Kizito mwenyewe lilikuwa limelipiga teke. Sifuna alifungua mdomo kusema ukweli. Kisha akamwona Kizito ameweka kiganja juu ya boneti, analipapasa taratibu, vile mtu anavyopapasa mtamba mwenye mimba. Akaufunga mdomo.

"Sikia hiyo injini," Kizito alinong'ona. "Sikia vile imetulia. Toyota haina kelele."

"Injini nimezima, mzee."

"Si ndiyo hiyo nasema!"

Tangu siku hiyo maisha ya Sifuna yakawa matamu. Kizito, ambaye zamani alidai harufu ya Charmant inamtia kichefuchefu, alipanda kwenda Bungoma, akalala fofofo kutoka Kamukuywa hadi Kanduyi. Alipoamka alisifu viti: vile vya gari la kwanza, alisema, vilikuwa vinamkata mgongo. Kwaya ya kina mama ikamwimbia Daktari wimbo wa shukrani. Kanisa likamfanya mwenyekiti wa kamati ya usafiri, kamati ambayo haikuwahi kuwapo. Watu walianza kuja kumwuliza ushauri wa magari, naye akawa anawajibu, kwanza kwa haya, baadaye kwa sauti nzito. "Toyota," alisikika akisema sokoni, "ukiitunza itakuzika."

"Na wewe unaamini?" Nabwile alimwuliza wakila.

"Ninaamini nini?"

"Gari ni lile lile, Baba Wanjala."

"Linaendeshwa tofauti siku hizi," Sifuna alijibu, na jambo la kutisha ni kwamba alikuwa anasema kweli ya moyo wake.

Siku ya posa ikafika. Walikuwa watano garini: Sifuna na Nabwile, Wanjala, Kizito kama msemaji, na shangazi yake Wanjala, Nasimiyu, aliyepakata mtungi wa maziwa. Kutoka Kimilili barabara ilianza kupanda, nyekundu, yenye mitaro, pikipiki zikiwapita na magunia ya vitunguu. Kizito alikuwa akitoa maelezo kila mlima. "Mnaona? Mnaona vile inavuta?" Gari lilivuta kweli, likafika Kapsokwony halijachemka.

Rotich aliwapokea akiwa amevaa suti na kofia ya dereva. Mtu mrefu, mkavu, mwenye adabu nyingi. Alipoona ile alama uso wake ukalainika. Kabla hawajaketi alikuwa ameanza kuwasimulia. Mzee Toyoda, alisema, alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo huko Japani, na mwanawe ndiye aliyeingia kwenye magari. Jina likageuzwa kutoka Toyoda kuwa Toyota, kwa sababu kwa maandishi yao Toyota huandikwa kwa mikwaruzo minane, na nane kwao ni bahati. Mwaka wa sitini na sita ikaja Corolla. Hapo Rotich alivua kofia.

"Amina," alisema Kizito, machozi yakimlengalenga.

Ndipo Rotich akaamua kuliangalia gari vizuri. Akalizunguka. Akasimama mbele.

"Ya mwaka gani, Daktari?"

Sifuna hakuwa amejiandaa kudanganya juu ya mwaka. "Themanini na nne."

Rotich akainama, akaitazama alama ile kwa muda mrefu mno.

"Hizi duara tatu zilianza themanini na tisa," alisema polepole. "Kabla ya hapo waliandika jina. Hii alama ni changa kuliko gari."

Nasimiyu akaushika mtungi wake kama mtu anayejiandaa kuondoka nao. Wanjala alikuwa anatazama viatu vyake. Sifuna alihisi miaka yake yote thelathini ya udaktari ikimteremka kwenye miguu.

"Mzee, nilibandika," alisema. "Gari ni Daihatsu. Nilisikia unapenda Toyota, nikaogopa kijana wangu atakosa mke kwa ajili ya gari langu."

Aliyeumia zaidi alikuwa Kizito. "Daktari!" alilia. "Mimi nimelala ndani ya Chalumanti?"

Rotich hakupaza sauti. Alisema tu, "Fungua boneti."

Sifuna akaifungua, hajui kwa nini. Rotich akaomba kitambaa, akapangusa mafuta na vumbi la miaka juu ya mfuniko wa injini, mahali ambapo Sifuna hakuwahi kupaangalia maana siku zote alitia maji akafunga. Herufi zikajitokeza moja moja kwenye chuma. Walizisoma wote, na Kizito akazisoma kwa sauti, mara mbili: TOYOTA.

"Daihatsu na Toyota walishikana mikono tangu sitini na saba," Rotich alisema, akizungumza kama mtu anayeungama. "Nilisahau. Hii Charmant walichukua Corolla wakaivalisha koti lingine. Daktari, umekuja na Toyota, ukabandika uongo juu yake, na uongo wenyewe ni kweli." Akatafuta hukumu inayofaa, isipatikane. "Sijui nikufukuze ama nikukumbatie."

"Waambie waingie ndani, chai inapoa," alisema Jerop, mkewe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. "Na kama ni habari ya Toyota, mbona huwaonyeshi yako?"

Rotich alikohoa. Jerop mwenyewe akaenda nyuma ya ghala, akavuta turubai. Chini yake palikuwa na pikapu ya Toyota, ya buluu, safi kama sahani ya wageni.

"Haijatoka hapa tangu tisini na nane," Jerop alisema. "Inaoshwa kila Jumamosi. Vitunguu tunapeleka Kimilili na punda."

"Barabara hizi zingeiharibu," alijitetea Rotich. "Watu wangesema Toyota yangu imeharibika. Hapa hakuna mtu amewahi kusema hivyo."

"Ni kweli, hakuna," alisema Jerop. "Na mimi macho yananisumbua tangu Krismasi, na hospitali iko Bungoma. Baba Wanjala, hiyo ya kwako, iwe Daihatsu iwe nini, inashuka mlima?"

"Inashuka, mama. Na inapanda."

"Basi nyinyi ni watu wa maana. Karibuni chai."

Walipewa chai vikombe vitatu kila mtu, na ng'ombe wakazungumzwa kwa amani, kwa kuwa hapo Sifuna alikuwa kwenye somo analolijua na Rotich hakuwa na la kubisha. Alhamisi iliyofuata Sifuna alirudi, akampeleka Jerop Bungoma. Rotich alikaa nyuma. Njia nzima, kila waliposhuka mteremko, alikuwa akiinamisha sikio, akisikiliza injini, akitabasamu peke yake.

Sifuna alirudi nyumbani ameamua kujitua mzigo. Jumapili alisimama kanisani akaungama yote: Nasambu, gundi, duara tatu. Alisema alama ataing'oa, na gari lake liitwe jina lake, Daihatsu Charmant. Aliketi akisubiri aibu.

Watu walitazamana. Kisha mnong'ono ukaanza kwenye viti vya kina mama, ukasambaa hadi kwenye madhabahu. Nje, baada ya ibada, fundi wa baiskeli alimfuata, amekunja uso.

"Daktari, kama umechoka kutubeba, si ungesema tu? Ati si Toyota!"

"Si nimewaambia nilibandika?"

"Injini imeandikwa nini?"

"Toyota, lakini..."

"Mzee Kizito ametuambia. Ameiona kwa macho yake. Sasa ukipata wakwe wa maana, sisi wa Tongaren tunaambiwa ni Chamanti." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Pesa inabadilisha watu."

Sifuna alimtafuta Kizito kwa macho ili amsaidie. Kizito alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, dirisha limeteremshwa, Biblia mapajani, akiwapungia mkono waliokuwa wakienda kwa miguu. Nabwile akaingia nyuma, akafunga mlango.

"Twende, Baba Wanjala," alisema. "Ugali unanisubiri."