Bunduki ya Ngala

Habari ilitoka mdomoni mwa mteja, pamoja na mafuta ya mishkaki. Kalama, mfuga kuku wa Changamwe, mtu mnene asiyejua kula akanyamaza, alisimama jioni ile mbele ya jiko la Mwinyihaji, karibu na feri ya Likoni, akiwalalamikia kunguru. Kunguru wamemmalizia vifaranga. Kunguru wanakaa juu ya bati wakimsengenya, na wanajua kuhesabu mayai kuliko mkewe. Lakini sasa dawa yao ameipata. Kuna mjane huko Shika Adabu anauza bunduki ya upepo, ya zamani, ya Kijerumani, kitako chake mti mtupu. Haitaki baruti. Waukunja mtutu, springi yajibana tumboni, watia kichembe cha risasi, wafyatua. Kesho asubuhi anakwenda kuitazama.

“Mjane wa nani?” Mwinyihaji aliuliza, ingawa upande wote ule bunduki ya namna hiyo ilikuwa moja tu.

“Wa marehemu Ngala Fondo.”

Mwinyihaji alichukua kichocheo chake, kile alichopewa na bintiye, chenye mpini usiochoma mkono, akayapekua makaa mpaka cheche zikamrukia Kalama kifuani. Hakuomba radhi. Moyoni alikuwa amekwisha kata shauri: bunduki ile ataifikia yeye kwanza. Kunguru hawamhusu. Ataiweka juu ya gogo na kuishukia kwa shoka, na vipande vyake atavitupa chooni.

Ngala Fondo alikuwa mtani wake. Kuna watu siku hizi wanaodhani utani ni mchezo wa kubishana barazani. Si mchezo. Mwinyihaji ni Mdigo, mtu wa kuswali tano. Ngala alikuwa Mduruma, Mkristo wa Krismasi na Pasaka. Na utani wao waliurithi kwa baba zao kama mtu anavyorithi minazi. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako na wewe huna ruhusa ya kununa. Unamwacha amalize, kisha inakuwa zamu yako. Na ukifa, mtani ndiye hulala mlangoni akaziba njia maiti asitoke, akamwita marehemu mchoyo na mvivu, mpaka mjane aliyekuwa akilia akajikuta anacheka. Akiondoka hujichukulia kitu chochote cha marehemu akipendacho, na hakuna wa kumdai.

Basi kila jioni Ngala alikuwa akija pale jikoni, ananusa, anauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye feri: “Mwinyihaji, leo umechinja paka wa nani?” Na Mwinyihaji humjibu: “Wako, ndiyo maana amekonda.” Wateja wageni walishtuka. Wenyeji waliagiza zaidi.

Bunduki Ngala aliachiwa na Mzungu mmoja mwenye hoteli, aliyekuwa amemwajiri kufukuza kunguru waliokuwa wakiwapokonya wageni mikate. Alipohama, akampa. Ngala aliipenda, akaisugua mafuta, akaitembeza mtaani begani kama askari wa Hitla. Na mwaka wa themanini na tatu, asubuhi moja, kunguru aliposhuka kwenye ua wa Mwinyihaji akamrukia kifaranga, Mwinyihaji mwenyewe ndiye aliyepiga ukelele juu ya ua: “Ngala! Njoo na mzinga wako!”

Ngala alikuja mbio, akalenga, akamkosa. Kichembe kiligonga bati lililovikwa mnazi kuzuia panya, kikarudi kwa kasi. Dhahabu, binti wa Mwinyihaji, mtoto wa miaka tisa, alikuwa anatoka jikoni na sahani ya maji. Jicho lake la kulia halikuona tena.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na Likoni nzima iliyajua, hata lile la nani alimwita nani. Mwinyihaji tu ndiye aliyekuwa akiyasimulia akianzia katikati, pale Ngala alipolenga. Ngala alipokuja kutaka radhi alikuta mlango umefungwa kwa komeo. Alikuja tena, na tena. Mwinyihaji akapiga marufuku jina lile lisitajwe nyumbani kwake. Wazee walijaribu kuwapatanisha wakachoka, wakasema hasira hasara, wakaenda zao. Mwaka uliopita Ngala alipofariki kwa kifua, mtu alikuja kumpa habari akiwa anakata nyama. Aliendelea kukata nyama.

Asubuhi Mwinyihaji alifika Shika Adabu jua halijachoma, lakini Kalama alikuwa amemtangulia. Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya mkeka uani. Alipoiona, alishika nguzo.

“Hodi,” alisema.

Nyamvula, mjane wa Ngala, hakuinua kichwa. Ile sauti aliijua. “Karibu. Leo ndiyo umekuja.”

“Nimekuja kununua.”

“Ngoja zamu yako, mzee wangu!” Kalama akadakia. “Mimi wa kwanza.” Akaichukua bunduki, akaipima uzito, akasifu kitako, kisha akaukamata mtutu aukunje. Bunduki ya aina hiyo ikiwa nzima hugoma. Mtu mzima huibana kwa paja ndipo ikubali. Kalama alijitayarisha, akavimba shingo, akavuta kwa nguvu zake zote. Mtutu ulianguka wenyewe, ukaning'inia. Nusura apige mweleka.

Aliurudisha, akaukunja tena. Vilevile. Akafyatua. Hakukusikika hata chafya.

“Mama, hii maiti! Tumboni hamna springi!”

“Hamna,” Nyamvula alisema.

“Na hukuniambia?”

“Uliniuliza kama inauzwa. Hukuniuliza kama inapiga.”

Kalama aliondoka akilaani nauli na kupoteza asubuhi yake, na kwa mbali alisikika akimweleza mpita njia asiyemjua habari zote. Mwinyihaji alibaki amesimama. Shoka alikuwa ameliacha nyumbani, limenolewa.

“Nani ameitoa springi?” aliuliza.

“Mwenyewe. Siku ile mtoto aliporudishwa kutoka hospitali. Aliketi hapo hapo ulipo, akaifungua misumari, akaitoa. Akasema, nampelekea Mwinyihaji ashike mkononi, ajue hii kitu haitamdhuru mtu mwingine. Akaja kwako. Jioni akarudi mikono mitupu.”

“Mimi sikupokea kitu.”

“Basi aliyepokea anakula kwako.”

Nyamvula aliinuka, akaichukua bunduki na kuisimamisha ukutani. Alikuwa amezeeka kuliko alivyomkumbuka, na hakuwa na hasira, jambo lililomuumiza Mwinyihaji zaidi.

“Naiuza kwa sababu inanitazama,” alisema. “Na nikwambie lingine, kwa kuwa umekuja. Alipozidiwa alituusia tusiharakishe kumzika. Alisema, mtani wangu atakuja kulala mlangoni. Ananichukia, lakini maziko yangu hatayakosa. Padri alikuwa na safari, jamaa walitaka kurudi kwao Mariakani, mimi nikasema ngojeni. Tukangoja hadi alasiri. Hukuja. Tukamtoa mlango ukiwa wazi, hakuna aliyetuziba njia, hakuna aliyecheka. Mwinyihaji, mume wangu alizikwa kama mgeni.”

Siku hiyo ya maziko Mwinyihaji aliikumbuka vizuri. Alifungua jiko mapema kuliko kawaida, akauza, akachangamka kupita kiasi, na usiku alipolala kifua kilimbana bila kujua sababu. Sasa alikijua kilichokuwa kikimbana. Alitoka uani mle bila kuaga.

Nyumbani alimkuta Dhahabu barazani akitunga nyama kwenye vijiti vya jioni. Amekuwa mwanamke mzima sasa. Alipoitwa alikigeuza kichwa chote, ili jicho la kushoto limpate babake.

“Abee, baba.”

“Ngala alikupa kitu. Zamani. Siku zile za jicho.”

Kijiti kilisimama mkononi mwake. Tangu udogo hakuwahi kulisikia jina lile likitoka kwa babake.

“Alinipa,” alisema. “Ulipokataa kumfungulia alizunguka nyuma, akanikuta jikoni na bendeji yangu. Alikuwa analia, baba, mtu mzima, mpaka mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Akanipa ile springi, akasema nikupe wewe. Nikaja nayo. Nilipotaja jina lake tu ulinipigia kelele, ukasema ukilisikia tena humu ndani utanichapa. Nikaificha kwenye sanduku la nguo.”

“Iko wapi?”

Dhahabu aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na kichocheo cha mishkaki, akakiweka juu ya mapaja ya babake.

Mwinyihaji alikitazama. Fito ya chuma, ncha yake nyeusi kwa moshi. Na pale kwenye mpini, ukiizunguka fito kutoka mwanzo hadi mwisho, waya mnene uliojiviringa pete juu ya pete, umeng'arishwa na jasho la kiganja chake mwenyewe. Springi. Alikuwa ameishika kila jioni. Alikuwa akiishika huku akimlaani mwenye nayo. Jana tu, Kalama alipomtaja Ngala, ndiyo aliyoibana ngumini.

“Uliungua mkono mwaka ule wa mafuriko,” Dhahabu alisema. “Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akaivika kwenye fito. Ningeweza kukwambia. Niliogopa utaitupa. Nikasema, kama masikio yake hayamtaki Ngala, basi mkono wake umzoee. Pengine siku moja mkono utamwambia moyo.” Akajifuta jicho zima kwa ncha ya leso, lile jingine halikuwa na habari. “Mimi nilikwisha msamehe, baba. Jicho lilikuwa langu.”

Mwinyihaji alilia. Alilia vibaya, kwa kukoroma, kamasi zikishuka kwenye ndevu, mbele ya mtoto wake na mbele ya kuku. Angetaka kusema kwamba hakujua, lakini nani alifunga mlango? Nani alipiga ukelele juu ya ua? Majuto ni mjukuu, na huyu wake alikuwa amekuja akiwa na ndevu. Tangu jana shauri lake lilikuwa moja, kuinunua aivunje. Sasa alitaka kununua kwa bei yoyote atakayotajiwa, na asingegusa hata msumari mmoja kwa shoka. Alitaka kuirudisha springi tumboni mwa bunduki, na Ngala aje aione. Hilo la mwisho ndilo lisilokuwa na duka.

Alirudi Shika Adabu adhuhuri, kichocheo mkononi. Watu wa njiani walidhani anakwenda kupiga mtu.

Nyamvula alikitazama kile chuma, akakitambua, akaketi.

“Taja bei,” Mwinyihaji alisema. “Yoyote.”

“Kwako siuzi.”

“Nyamvula, nakuomba. Nimekosa, najua nimekosa. Lakini usimpe mtu mwingine. Wallahi sitaivunja.”

“Umesahau mpaka mila?” Nyamvula alisema, na sauti yake ikapasuka. “Tangu lini mtani akanunua kitu cha marehemu? Mtani huchukua. Lakini huchukua akiisha fanya kazi yake.”

Alimwonyesha kwa kidevu. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya minazi, lenye msalaba wa mbao na udongo ambao bado ulikuwa umevimba. Mwinyihaji aliitoa bunduki pale ukutani, akaenda nayo. Alisimama. Maneno ya mtani, ambayo zamani yalikuwa yakimtoka kama mate, sasa aliyatafuta. Kunguru mmoja alikuwa ametua juu ya msalaba, anajikuna bawa.

Akaukunja mtutu, ukaanguka. Akaurudisha, akamlenga kunguru, akafyatua. Kunguru aliendelea kujikuna.

“Unaona, Ngala?” Mwinyihaji alisema. “Unaona aibu hii? Ulikuwa askari wa kunguru, sasa wamekufanya choo. Mvivu wewe. Waduruma wenzio wanalima, wewe umelala mchana kutwa. Na hii ndiyo bunduki? Hii ni fimbo ya kuchezea ngoma! Ulikuwa hujui kulenga hata tembo, na mpumbavu aliyekuita ulenge,” hapa alimeza mate, “mpumbavu aliyekuita ni mimi.”

Nyuma yake alisikia kitu kama kikohozi. Nyamvula alikuwa ameegemea ukuta, leso mdomoni, mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamlowesha shingo, akashindwa kusimama, akakaa chini ardhini, akicheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa mjane acheke siku ya maziko.

Kazi ilikuwa imefanyika, na bunduki ilikuwa yake. Lakini Mwinyihaji hakuondoka. Alichuchumaa kando ya kaburi, kichocheo kwenye mkono mmoja na bunduki tupu kwenye mkono mwingine, akanyamaza na kutega sikio, maana yeye alikuwa amemaliza, na sasa zamu ilikuwa ya Ngala.